Lesoni ya 7: Watu wa Mungu na Matengenezo ya Shule

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: 2 Nyakati 17:1–10, 2 Nyakati 20:31–33, Kumbukumbu la Torati 6:4–9, 2 Wafalme 6:1–7, Mithali 11:1, Danieli 1, Danieli 2:12–24, Kutoka 23:9, Yeremia 29:4–7, Mathayo 7:12.

Fungu la Kukariri: 2 Nyakati 17:9. Lifungue katika Biblia yako, lisome kwa sauti mara tatu pamoja na jamaa yako, kisha likariri kwa ajili ya Sabato ijayo.

Katika Afrika Mashariki, shule na kanisa vilizaliwa karibu kama mapacha. Wamishonari Waadventista walipofika Upareni mwaka 1903, na wenzao walipofika Gendia, Kenya, mwaka 1906, hawakukaa muda mrefu kabla ya kuanza kufundisha kusoma na kuandika. Katika sehemu nyingi za eneo hili waongofu wa kwanza waliitwa “wasomaji.” Kumwamini Kristo na kushika kitabu mkononi vilionekana kuwa jambo moja.

Leo mambo yamebadilika. Serikali ndiyo inayotunga sera, kupanga mitaala na kusimamia mitihani. Watoto wengi wa Waadventista wanasoma katika shule za umma, na shule nyingi za kanisa zina wanafunzi wengi wasio Waadventista. Kenya ilianza kutumia mtaala wa umilisi nchini kote mwaka 2019. Tanzania ilianza kutumia mitaala mipya Januari 2024, baada ya kutolewa toleo la 2023 la Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014. Kila mabadiliko hayo yanapokuja, swali moja hurudi: Je, dini ina sehemu gani katika kutengeneza shule?

Wapo wanaosema haina sehemu yoyote. Dini ibaki kanisani. Wapo wanaosema kanisa lingerudishiwa shule zake zote, mambo yangenyooka. Juma hili tutaona kwamba Biblia haimpi raha yeyote kati ya hao wawili.

JUMAPILI
Mfalme Aliyetuma Walimu

Soma 2 Nyakati 17:1–10. Yehoshafati alituma watu wa namna gani, na walibeba nini?

Katika mwaka wa tatu wa kutawala kwake, Yehoshafati alifanya jambo ambalo wafalme wengi hawakulifikiria. Alikuwa amekwisha kuweka majeshi katika miji yenye maboma. Sasa akatuma walimu. Hesabu majina yaliyoandikwa: wakuu watano, Walawi tisa na makuhani wawili, jumla watu kumi na sita. Hawakukaa Yerusalemu kuwangoja watu waje. Walizunguka miji yote ya Yuda wakiwa na kitabu cha torati ya BWANA.

Angalia mchanganyiko huo. Wakuu walikuwa viongozi wa serikali. Walawi na makuhani walikuwa watumishi wa hekalu. Mfalme hakuwaachia wakuu peke yao kazi hiyo, wala hakuwaachia makuhani peke yao. Elimu ya taifa ilihitaji mikono yote miwili, na kitabu ndicho kilichowaunganisha. Jambo la namna hii lilionekana tena wakati wa Matengenezo ya Kanisa huko Ulaya. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi waanzishe na kutunza shule, akitaka wavulana na wasichana wapate mafundisho. Mtu asiyejua kusoma hawezi kuichunguza Biblia mwenyewe. Atabaki akiegemea maneno ya wengine.

Soma sasa 2 Nyakati 20:31–33. Ni nini kilichopungua katika matengenezo ya Yehoshafati?

Hapa kuna fundisho ambalo watunga sera wa kila zama wanalihitaji. Mfalme alikuwa mwema, walimu walitumwa, kitabu kilisomwa. Hata hivyo watu walikuwa bado hawajaielekeza mioyo yao kwa Mungu wa baba zao. Amri inaweza kujenga darasa, kuajiri mwalimu na kuchapa kitabu. Haiwezi kumpa mtoto moyo mpya. Kwa sababu hiyo Musa, katika Kumbukumbu la Torati 6:4–9, aliweka darasa la kwanza nyumbani: wakati wa kuketi, kutembea, kulala na kuamka. Mzazi anayengoja kipindi cha dini shuleni kifanye kazi ambayo meza ya nyumbani haijaifanya, anamtwika mwalimu mzigo usiobebeka.

Wewe unawalaumu walimu kwa jambo gani ambalo Mungu alilikabidhi nyumba yako?

JUMATATU
Shoka la Kuazima

Soma 2 Wafalme 6:1–7. Wana wa manabii walijifunza nini nje ya darasa?

Shule za manabii zilianza kuonekana katika siku za Samweli, huko Nayothi katika Rama (1 Samweli 19:18–20). Baadaye, katika siku za Eliya na Elisha, tunawaona wana wa manabii huko Betheli, Yeriko na Gilgali. Katika fungu la leo mahali pa kukaa pamekuwa padogo. Wanafunzi wenyewe ndio wanaolitambua tatizo, wanaleta shauri, na kila mmoja yuko tayari kukata boriti yake. Wanamwomba mwalimu aende nao, naye anakwenda. Shoka linapotumbukia Yordani, kijana analia kwa kuwa lilikuwa la kuazima. Shule ile ilikuwa imemfundisha kufanya kazi, na ilikuwa imemfundisha pia kuogopa kupoteza mali ya mtu mwingine.

Machi 1967 Mwalimu Julius Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Alieleza kwamba elimu iliyorithiwa kutoka kwa wakoloni iliandaliwa kwa ajili ya wachache watakaochaguliwa kuendelea, iliwatenga vijana na jamii zao, na iliwafanya wadhani kwamba maarifa yote yamo vitabuni. Alitaka kila shule iwe na shamba au karakana, na wanafunzi washiriki katika kupanga kazi yake. Mwadventista aliyesoma habari za shule za manabii hakupaswa kushangaa. Kuunganisha kichwa, moyo na mkono ni fundisho alilolisikia tangu zamani.

Hata hivyo, katika shule nyingi jembe liligeuka kuwa adhabu. Aliyechelewa alipelekwa shambani. Aliyefaulu alisamehewa shamba. Mtoto akajifunza kwamba kazi ya mikono ni malipo ya kosa. Wazo lilikuwa jema, lakini lilikosa mwalimu wa kwenda nalo. Elisha hakusimama chini ya mti na fimbo. Alishuka Yordani pamoja na vijana wake.

Leo mitaala mipya inasisitiza tena ujuzi, stadi na mafunzo ya amali. Hapo washiriki wa kanisa wana la kutoa: seremala, fundi cherehani, mkulima, muuguzi. Wanaweza kumwonyesha mtoto, kwa mwenendo wao, kwamba kazi ilitolewa Edeni kabla ya dhambi kuingia (Mwanzo 2:15).

Katika nyumba yako na katika shule iliyo karibu nawe, kazi ya mikono ni heshima au ni adhabu? Watoto wamelijuaje jibu hilo?

JUMANNE
Shule Yenye Jina Letu

Soma Mithali 11:1 na Luka 2:52. Mafungu haya yanaipima vipi shule inayojiita ya Kikristo?

Ni rahisi kuhubiri juu ya matengenezo ya shule za wengine. Historia ya Waadventista inatufundisha kuanza na zetu.

Mwaka 1868 mwalimu aitwaye Goodloe Harper Bell alianzisha shule ndogo mjini Battle Creek, Marekani. Mwaka 1872 kanisa likaichukua shule na kuisimamia rasmi, na mwaka huohuo Ellen White akaandika juu ya elimu inayofaa: elimu ya mwili, akili na roho, yenye kazi ya mikono pamoja na vitabu. Mwaka 1874 Chuo cha Battle Creek kikafunguliwa. Jina lilikuwa la Kiadventista, walimu na wanafunzi wengi walikuwa Waadventista. Lakini mpango wa masomo ulifuata vyuo vya siku zile: Kigiriki na Kilatini vilikaa mbele, Biblia ikapata nafasi ndogo, na kazi ya mikono ikakosa mahali. Magomvi ya viongozi yakaongezeka, hata mwaka 1882 chuo kikafungwa kwa muda wa mwaka mmoja hivi.

Kilipofunguliwa tena, marekebisho hayakuja kwa siku moja. Mwaka 1891 waelimishaji walikutana Harbor Springs, Michigan, kuutafakari upya mpango wao na nafasi ya Biblia ndani yake. Mwaka 1897 shule ya Avondale ilifunguliwa huko Cooranbong, Australia, mahali pa mashamba, ikijaribu kutenda yale yaliyokuwa yameandikwa miaka 25 iliyotangulia. Na mwaka 1901 Chuo cha Battle Creek chenyewe kiliuacha mji na kuhamia Berrien Springs.

Miaka 25 ni mingi. Kanisa lilikuwa na mwongozo mkononi, nalo likachukua muda wote huo kuufuata. Kibao kilichoandikwa “Shule ya Waadventista wa Sabato” hakiwezi kuongoa mtaala, wala hakiwezi kuzuia udanganyifu katika mitihani. Shule inayofungua siku kwa sala na kuruhusu majibu ya mtihani kupitishwa chini ya meza imebeba mizani ya uongo. Shule inayotangaza ufaulu wake barabarani huku ikiwafukuza kimyakimya wanafunzi dhaifu ili wastani usishuke, imemsahau Mchungaji aliyewaacha tisini na tisa. Na ada inapopanda hata mtoto wa shemasi mjane asiweze kuingia, baraza la shule linapaswa kujiuliza shule hiyo ni ya nani.

Jambo hili lina upande mwingine. Mwalimu anayecheleweshewa mshahara hawezi kulishwa kwa maombi ya washiriki peke yake. Kanisa linalotaka shule njema halina budi kutoa kwa ajili yake.

Kama Bwana angeikagua shule ya kanisa iliyo karibu nawe, angeanza kukagua wapi: ofisini, darasani, jikoni, au kwenye daftari la ada?

JUMATANO
Mwanafunzi Katika Shule ya Babeli

Soma Danieli 1. Danieli alikubali mambo gani, alikataa jambo gani, naye alilikataa kwa njia ipi?

Danieli na wenzake hawakuchagua shule. Walichukuliwa mateka, wakapangiwa masomo ya miaka mitatu, wakafundishwa elimu na lugha ya Wakaldayo, wakapewa majina yenye harufu ya miungu ya kigeni. Yote hayo waliyapokea. Lakini Danieli aliazimu moyoni asijitie unajisi kwa chakula cha mfalme. Aliujua mpaka wake kabla sahani haijafika.

Angalia njia yake. Hakumtukana mkuu wa matowashi, wala hakuchochea mgomo. Aliomba. Ombi la kwanza lilipokutana na hofu ya mkuu yule, alimwendea msimamizi akiwa na pendekezo: siku kumi za majaribio. Alifikiria shida ya mtu aliyekuwa juu yake, akatafuta njia ambayo haitamponza. Na mwisho wa miaka mitatu, mfalme aliwaona kuwa bora mara kumi. Bidii yao darasani iliupa msimamo wao uzito.

Suala hili Waadventista wa Afrika Mashariki wanalijua vizuri, kwa kuwa vipindi, mitihani na usafi wa shule huangukia siku ya Sabato. Nchini Uganda, wanafunzi Waadventista wa Chuo Kikuu cha Makerere walipeleka shauri lao mahakamani juu ya masomo na mitihani ya siku ya Sabato. Mwaka 2006 Mahakama ya Juu iliikataa rufaa yao. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ililikataa ombi la kanisa kuhusu wanafunzi wa shule za sekondari. Lakini mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kwamba wanafunzi hao wanastahili kuwekewa utaratibu wa kuabudu, tangu jua la Ijumaa linapotua hadi linapotua la Jumamosi.

Katika nchi mbili jirani, imani moja ilipata majibu mawili. Danieli 1 inatuonyesha vijana waliokubaliwa ombi lao. Danieli 3 inatuonyesha vijana walioingizwa katika tanuru. Uaminifu ulikuwa uleule. Mtoto anayefundishwa kwamba Mungu siku zote hufungua mlango wa ofisi ya mkuu wa shule, hataijua njia ya kupita siku mlango huo utakapofungwa. Naye mzazi asimtume mtoto peke yake. Barua ya heshima, iliyoandikwa mapema na wazee wa kanisa kabla ya muhula kuanza, imewahi kufanya kazi kubwa kuliko ugomvi wa Ijumaa jioni.

Mtoto wako anajua kwa nini anaitunza Sabato, au anajua tu kwamba amekatazwa?

ALHAMISI
Mtoto wa Jirani

Soma Kutoka 23:9, Yeremia 29:4–7, Danieli 2:12–24 na Mathayo 7:12. Mafungu haya yanasema nini juu ya haki za wale wasio wa imani yetu?

Kabla ya mwaka 1970, shule nyingi za Tanzania zilikuwa mikononi mwa misheni. Zilifanya kazi njema isiyoweza kusahauliwa. Lakini ziliacha jeraha pia. Mzazi Mwislamu aliyeishi mahali ambapo shule pekee ilikuwa ya misheni alikuwa na chaguo gumu: ampeleke mtoto na kuiweka imani yake hatarini, au amwache bila kusoma. Waislamu wengi walibaki nyuma. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua shule hizo na kuzifungulia watoto wote bila kujali dini. Seminari ziliachwa kwa makanisa, na vipindi vya dini vikaendelea shuleni, kila dhehebu likifundisha watoto wake.

Waumini wengi waliuona mwaka ule kama mwaka wa kunyang’anywa. Majengo waliyoyafyatulia matofali kwa mikono yao yalikuwa yamekwenda. Uchungu huo ulikuwa wa kweli. Lakini aliyesoma Kutoka 23:9 anapaswa kuuliza pia jirani yake aliuonaje. Israeli walikatazwa kumwonea mgeni kwa sababu moja: wao wenyewe walijua moyo wa mgeni ulivyo.

Kenya ilichukua njia tofauti. Makanisa mengi yalibaki wafadhili wa shule za umma. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inampa mfadhili nafasi katika bodi ya shule, katika kupitia mtaala, na katika kulea maisha ya kiroho. Lakini inamtaka alinde imani ya wale wa madhehebu na dini nyingine. Kuilinda si rahisi. Shauri la wasichana Waislamu waliotaka kuvaa hijabu katika shule ya umma inayofadhiliwa na kanisa lilifika hadi Mahakama ya Juu ya Kenya, iliyotoa hukumu Januari 2019.

Hapa ndipo imani ya Mwadventista inapopimwa. Anayedai nafasi kwa ajili ya Sabato ya binti yake hawezi kucheka kitambaa cha binti wa jirani. Yesu hakusema tuwatendee watu kama walivyotutendea. Alisema tuwatendee kama tunavyotaka watutendee. Danieli alipopata siri ya ndoto, hakuomba wokovu wake peke yake. Aliomba wenye hekima wa Babeli wasiangamizwe, wale waliokuwa wakiabudu miungu mingine. Walikuwa majirani zake.

Basi sehemu ya dini katika matengenezo ya shule haipimwi kwa idadi ya shule ambazo kanisa linazimiliki. Inapimwa kwa mambo ambayo mtoto yeyote anaweza kuyaona: mwalimu asiyepokea rushwa, mzazi anayehudhuria mkutano wa shule hata kama mkuu wa shule si wa dhehebu lake, mshiriki wa bodi anayemtetea mtoto asiye wake.

Taja kwa jina, moyoni mwako, mtoto mmoja asiye wa kanisa lako anayesoma karibu nawe. Anahitaji nini juma hili?

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma sura inayohusu shule za manabii katika kitabu cha Ellen White kiitwacho Elimu, kilichotolewa mwaka 1903. Soma pia 2 Wafalme 2 na 4:38–44, ukiangalia jinsi wana wa manabii walivyoishi, walivyokula na walivyofundishwa.

Juma hili tumeona mambo matatu. Kwanza, Mungu huwatumia watawala na watumishi wa dini pamoja katika kufundisha taifa, lakini moyo wa mtoto hufikiwa kwanza nyumbani. Pili, kanisa lenye mwongozo bora laweza kuchelewa kuufuata. Kwa hiyo matengenezo yaanze katika shule zetu. Tatu, uhuru tunaouomba kwa ajili yetu ni uleule tunaopaswa kuulinda kwa ajili ya wengine.

Maswali ya Kujadili:

1. Yehoshafati aliwatuma wakuu, Walawi na makuhani pamoja. Serikali na kanisa vinaweza kushirikiana wapi katika shule za eneo lenu bila kimoja kukimeza kingine? Mpaka uwekwe wapi?

2. Kijana wa darasa la kumi na mbili, au wa kidato cha nne, anakuta mtihani wake wa taifa umepangwa siku ya Sabato. Ombi lake limekataliwa. Darasa lenu litamsaidiaje kabla ya siku hiyo, siku hiyo yenyewe, na mwaka unaofuata? Msiishie kwenye maombi.

3. Baadhi ya washiriki wanaamini kwamba shule za kanisa zisipokee walimu wala wanafunzi wasio Waadventista. Wengine wanaona kwamba bila wanafunzi hao shule zingefungwa, na nafasi ya kushuhudia ingepotea. Biblia inatoa mwanga gani juu ya jambo hili?

4. Ni wazazi wangapi katika darasa lenu waliohudhuria mkutano wa mwisho wa shule ya mtoto wao? Ongeeni kwa uwazi, bila kuhukumiana, juu ya yale yanayowazuia wengine, kisha mpange jambo moja la kufanya kabla muhula huu haujaisha.